Tarehe Moja Hatutakuwepo

Niseme mapema, mtu asije akaniuliza baadaye: Kayitesi hakuwa na safari yoyote. Alipoinuka mbele ya ile kamati ya Kagarama na kutangaza kwamba anampeleka mume wake Dar es Salaam, hakuwa na tiketi, hakuwa na pasipoti, na mume mwenyewe hakuwa na habari. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake, futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni. Nilipomwona anasimama nilijua mdomo umeshamtangulia.

Mimi ni Mama Ganza. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa msichana. Miaka mingi sasa nashona na Kayitesi na mume wake Twahiru katika chumba kimoja huko Gatsata, Kigali, juu kidogo ya Nyabugogo, kwenye barabara ya magereji. Ukimwona fundi wa magari wa Gatsata amevaa ovaroli isiyochanika makwapani, ujue imetoka kwetu. Twahiru anakata, Kayitesi anaunga, mimi naweka zipu na mifuko. Magauni nayo ni kazi yangu, pamoja na mishanana, zile nguo za sherehe za kufunga begani, kwa sababu vidole vya wale wawili vimezoea kitambaa kizito.

Kayitesi ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Alikulia Uganda, Mbarara, akaja Kigali baada ya vita na cherehani ya mkono ya marehemu mama yake. Hakuwa na ndugu hapa. Alimkuta Twahiru akishona Biryogo, kijana mpole mwenye kofia, ambaye babu yake alikuja zamani kutoka pwani na mizigo ya nguo akasahau kurudi. Ndiyo maana Kiswahili cha Twahiru kimenyooka kuliko cha sisi wengine. Walioana. Mimba mbili zilitoka, na baada ya hapo hakuna nyingine iliyokuja. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hulisema wazi.

Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake. Mimi Mama Ganza, jirani Mama Shimwa, wifi yake Kayitesi, Mama Kenny. Kayitesi ni Kayitesi. Kuna mteja mmoja aliyemwonea huruma akaanza kumwita Mama Ovaroli. Kayitesi alimrudishia suruali yake bila kuimaliza.

"Niko na jina," alimwambia. "Baba yangu alinipa, na akili zake zilikuwa nzima."

Zamani, ukoo wa Twahiru ulitaka aongeze mke wa pili. Walimletea hata picha. Twahiru aliitazama, akasema, "Yego, nimesikia," akaiweka chini ya chaki na mikasi, na hapo mezani ikakaa mpaka ikafifia. Ndivyo alivyo huyo mzee. Hajui kusema hapana. Anamwambia kila mtu yego, yaani ndiyo, kisha anarudi kwenye mkasi wake, na wewe unabaki umesimama hujui umekubaliwa au umekataliwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini mimi niliungojea mshindo huo mpaka nikachoka.

Sasa mwaka huu Twahiru alikuwa anatimiza sitini. Siku yake halisi hakuna aijuaye. Mama yake alisema tu kwamba mtama ulikuwa unavunwa. Serikali ilipotaka tarehe, akaandikiwa ya kwanza Januari, siku ambayo, ukiamini vitambulisho, nusu ya wazee wetu walizaliwa. Na kwetu Kigali hakuna jambo bila kamati. Harusi kamati, msiba kamati, na siku hizi hata miaka sitini ya mtu mpole asiyependa kelele, kamati. Mwenye siku yake haitwi. Anapangiwa.

Tulikutana Kagarama, sebuleni kwa Mama Kenny, dada mkubwa wa Twahiru. Mama Kenny anauza mabati na saruji, na akiongea unadhani anashusha lori; Kiswahili cha babu yao kilishampotea huko kwenye biashara. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeamini kwamba kitu kisichopangwa na yeye hakijapangwa. Aligawa kazi: huyu hema, huyu muziki, huyu vyakula. Kayitesi, mke wa miaka thelathini, alipewa kugawa maji ya kunywa. Mimi niliitwa kupima mishanana ya mashangazi. Penye wengi pana mengi, nikanyamaza nikapima.

Kisha akasimama Mzee Kubwimana, msemaji wa ukoo, anayeitwa kila panapohitajika maneno mazuri. Akatueleza siku itakavyokwenda. Watu wakishakula, Mama Kenny atasimama ampe mdogo wake ng'ombe.

Asiyetujua anaweza kudhani ni zawadi tu. Ng'ombe wa kupewa mbele ya watu si wa maziwa wala nyama, na pengine hutamwona hata mkia, yuko huko kwenye kundi lake. Ni neno. Ukishatamkiwa, unasimama, unashukuru, na tangu siku hiyo unaapa kwa jina la aliyekupa. Ukishtuka, ukifurahi, ukijikwaa, unasema "Yampaye inka Fulani!", yaani yule Fulani aliyenipa ng'ombe. Na huyo Fulani akikuomba kitu, humnyimi. Kumkataa ng'ombe mbele ya watu ni kumvua nguo aliyekupa.

"Baada ya inka," Mzee Kubwimana akaendelea, "tutatoa neno la pili. Nyumba ya Gatsata haiko na mtoto. Ukoo unampa Kenny. Atahamia kule, atakuwa mtoto wa nyumba, jina lisipotee."

Watu wakapiga makofi. Kenny mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na ndevu zake, dereva wa watu huko Nyarutarama, alikuwa amekaa mlangoni anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hakuna aliyemuuliza Kayitesi pia, na alikuwa amekaa palepale kando yangu na jagi la maji.

Aliliweka jagi mezani, akasimama.

"Tarehe moja sisi hatutakuwa hapa," akasema.

Mama Kenny aligeuka. "Mutakuwa wapi?"

"Dar es Salaam. Nampeleka bwana wangu. Siku yake tutaifanyia kule, sisi wawili."

"Dar? Kuko nini Dar? Iko mgonjwa?"

"Oya, hakuna mgonjwa."

"Kuko msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi ni mzigo. Munaenda kuleta vitenge."

"Hakuna mzigo. Tunaenda kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

"Kwa miguu yetu," Kayitesi akasema, akachukua mkoba wake, nami nikachukua futi yangu.

Tulishuka kilima. Tulipofika kituoni nikamuuliza, "Safari hii uliipanga lini?"

"Niliposimama."

Tulicheka mpaka watu wakatutazama. Kisha nikaona hacheki tena.

"Mama Ganza, wakimpa inka mbele ya watu, atapokea. Unamjua. Atasema yego. Na kesho yake nitaamka kwangu kuko mtu mwenye ndevu ananiita mama kwa sababu ametumwa. Kenny simchukii. Lakini miaka yote hii mimi na Twahiru tuko nyumba. Wao hawaoni nyumba, wanaona shimo, na sasa wanataka kulifukia mbele yangu huku nagawa maji."

Nilikasirika, sifichi. Ningekuwa mimi, lile jagi ningelimwaga.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Asubuhi iliyofuata Kayitesi alisimama mbele ya meza ya kukatia, akamwambia Twahiru kila kitu: kamati, hema, ng'ombe, Kenny, na Dar es Salaam. Twahiru alisikiliza, mkasi ukiwa umefunguka katikati ya kitambaa.

"Yego," akasema, akaendelea kukata.

Mchana Mama Kenny akaja na gari lake, akamwambia sherehe iko palepale, asimsikilize mwanamke.

"Yego, dada," akasema.

Nilitaka kumrushia pasi. Yego ipi sasa? Lakini Kayitesi hakumuuliza. Alisema, "Mimi natengeneza safari. Akitaka kubaki, atabaki. Mimi nitakwenda kufanya miaka sitini yake peke yangu." Na aliimaanisha, ndilo lililoniogopesha.

Akaanza kupanga. Nimepanga harusi nyingi, lakini sijaona mtu anapanga jambo kwa hasira namna ile. Alimpeleka Twahiru kupigwa picha ya pasipoti, na Twahiru akakaa pale amevua kofia, kichwa kinang'aa, kama mtu aliyepelekwa kunyolewa. Watu walimshauri wapande basi. Alikataa. "Basi litafanya tusherehekee Rusumo, kwenye foleni ya mpaka," akasema. "Tutaruka." Wa hoteli walipompigia kumwambia wana chumba kinachotazama bahari, akawaambia bahari wampe mwingine. "Mimi nataka dirisha la barabarani, Kariakoo. Nataka nione watu."

Kariakoo haikuja bure. Vitambaa vyetu vyote, tangu nianze kazi, vinatoka huko. Na Twahiru alipokuwa akimposa, hakuwa na kitu cha kumpa ila hadithi za babu yake, kuhusu mtaa ambao mafundi wanashona barazani, na mtu anapita anachagua rangi, anakaa, anashonewa huku anakunywa kahawa. Alimwambia, "Nitakupeleka." Kila mwaka ovaroli zikawazuia. Kayitesi hakuwa amemkumbusha hata siku moja.

"Yeye hakunipeleka," aliniambia. "Basi nitampeleka mimi. Shida iko wapi?"

Shida ilikuwa mtaa mzima. Habari ilipotoka, watu wakaanza kuingia na maagizo. Mama Shimwa alitaka dera mbili. Wa duka la spea alitaka simu kwa ajili ya shemeji yake. Mwingine mafuta ya nazi, mwingine kanga, mwingine alileta kiatu kimoja ili atafutiwe cha namna hiyo. Kwetu mtu hasafiri, anatumwa. Ukisema unakwenda kwa ajili ya raha yako, wanakuangalia vibaya, maana raha gani hiyo isiyobeba kitu cha mtu?

Kayitesi aliweka sanduku dogo juu ya kaunta ili kila mtu alione.

"Humu zinaingia nguo zake na zangu. Kiatu chako peleka kwa fundi viatu."

Mama Kenny alipiga simu kila siku. Kuna siku alisema kwa sauti iliyosikika kwetu sote, "Wewe unamuiba bwana kwa ukoo!" Kayitesi akamjibu, "Mtu anaiba cha mwenzake, wifi. Huyu ni wangu," akakata simu na kukanyaga cherehani.

Mimi nilimshonea gauni. Alichagua kitenge cha manjano chenye maua ya bluu, rangi ambayo hakuwahi kuivaa kwa sababu ya vumbi la magereji. Nilimwambia Twahiru nimshonee shati la safari. Akasema atajishonea mwenyewe akipata nafasi. Nafasi sikuiona akiipata. Kilichobaki cha kile kitenge nilikiacha mezani, na jioni hakikuwepo. Nilimshuku mteja mmoja na nikamnunia wiki nzima.

Siku ya kuondoka ikafika, tarehe thelathini na moja. Walikuwa waruke alasiri. Kenny alikuwa amejitolea kuwapeleka uwanjani. Aliomba ruhusa kazini, akaja na gari la rafiki yake.

"Mama anajua uko hapa?" nikamuuliza.

"Ananitafuta, Tantine. Sijapokea simu," akasema, maana vijana wa kwetu shangazi humwita Tantine, akaweka sanduku ndani.

Kayitesi alitoka na gauni lake la manjano. Mafundi wa gereji ya jirani walipiga miluzi, naye akawaambia wafunge midomo, huku anacheka. Twahiru alikuwa bado ndani. Hapo ndipo magari mawili yalipopanda kilima na kusimama mbele ya duka letu, yakilifungia gari la Kenny njia. Akashuka Mama Kenny. Akashuka Mzee Kubwimana na fimbo yake. Wakashuka mashangazi, wamevaa mishanana niliyowashonea kwa mikono yangu hii.

"Kama hamji kwenye inka," Mama Kenny akasema, "inka itawafuata."

Nilimtazama Kayitesi. Uso ulikuwa umekauka. Mafundi wakaacha kazi wakasogea, wengine na spana mkononi, na wapita njia wakasimama. Watu kamili, mashahidi kamili. Hata hema asingehitaji.

Mzee Kubwimana alianza, na lazima niseme ukweli, anajua kazi yake. Alimsifu babu, akamsifu baba, akasifu mikono ya Twahiru iliyowavika mafundi wa Gatsata nzima. Mafundi wakapiga makofi, wajinga wale, hawajui wanachopigia. Twahiru akatokea mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la mvua, limefungwa vifungo hadi shingoni, na jua lilikuwa kali. Nikasema moyoni, huyu haendi popote.

Mama Kenny akasonga mbele.

"Twahiru, mudogo wangu. Mbele ya hawa watu wote, nimekupa inka. Iko Bugesera, iko na mimba. Na pamoja na hiyo inka..." Akamnyooshea Kenny mkono.

Makofi yakaanza kabla hajamaliza. Ndipo mtu anapotakiwa asogee, ainue mikono, ashukuru. Kayitesi hakusogea kumzuia. Alisimama kando ya gari, ameshika mlango, anamtazama mumewe tu. Nilitamani apige kelele, yeye mwenye sauti ile.

Twahiru akaanza kufungua vifungo vya koti. Kimoja kimoja, kwa utaratibu wake ule wa kuudhi. Akalivua, akalitundika mlangoni. Ndani alikuwa amevaa shati la manjano lenye maua ya bluu, kola imesimama, mshono umenyooka. Kitenge kilekile cha mkewe. Kumbe mwizi wangu ndiye huyo!

"Dada, nakushukuru," akasema. "Ng'ombe wako akae Bugesera, amlee ndama wake. Mimi nimeshapewa."

"Umepewa na nani?"

Twahiru aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile.

"Yampaye inka Kayitesi!"

Mashangazi walishika midomo. Mwanamume kuapa hivyo kwa mke wake? Mama Kenny alitikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na nzi sikioni.

"Kayitesi alikupa ng'ombe gani? Wapi? Nani aliiona?"

"Alinipa nyumba," Twahiru akasema. "Nyinyi mnaiona tupu. Mimi naingia humo kila siku namkuta mtu. Na Kenny ni mtoto wa dada yangu, kwangu atakula siku zote. Lakini ana mama yake, ndiye wewe hapa. Usimgawe, dada. Anasikia."

Kenny aligeukia gari akajifanya anafuta kioo.

Mama Kenny alimtazama Mzee Kubwimana ili amsaidie. Mzee alizungusha fimbo. Anaijua mila kuliko sisi wote, na safari hii mila ilikuwa imemfunga yeye.

"Ameapa," akasema. "Mbele ya watu. Kiapo hakirudishwi." Akashusha fimbo, akaenda kumwambia dereva wake asogeze gari.

Fundi mmoja akapiga makofi, na mwingine, kisha wote, na safari hii walijua wanachopigia. Kayitesi alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. Mimi nilipiga kigelegele mpaka koo likauma, nikiwatazama mashangazi usoni mmoja mmoja. Kenny akafungua mlango wa gari, akasema kwa sauti nzito, "Tantine, ndege haingoji mtu," wakaondoka.

Ya Dar nilisimuliwa. Walitembea Kariakoo mpaka miguu ikavimba. Twahiru alisimama kwa mafundi wa barazani akawabishia jinsi ya kukata bega. Tarehe moja jioni walikula pilau mahali penye viti vya plastiki, na mama muuzaji akawauliza, kama watu wanavyouliza kila mahali, watoto hawajambo? Kayitesi akajiandaa kujibu. Twahiru akamtangulia: "Hatuna, mama. Tuko wawili na tunatosha." Yule mama akasema haya, akawaongezea kachumbari.

Walirudi na sanduku lilelile. Mtaa ulikuwa unangoja.

"Mumeleta nini?" Mama Shimwa akauliza.

"Tumejileta," akasema Kayitesi.

Mama Kenny alikaa miezi bila kuja. Juzi Eid alikuja, akakaa, akanywa chai, akapimwa gauni. Hakuomba radhi na Kayitesi hakumdai. Aliposimama kuondoka aliacha mfuko wa unga mzuri mlangoni, akasema ni wa nyumba.

Na Twahiru amerudi kwenye kimya chake na yego zake. Lakini kiapo hakijamtoka. Jirani yetu mmoja mwenye elimu ya dini alimwonya kwamba Mwislamu huapa kwa Mungu peke yake. Akajibu kwamba atatubu Ijumaa. Ijumaa imepita mara nyingi. Sindano ikimchoma, umeme ukikatika, mteja akija kuchukua ovaroli aliyoisahau mwaka mzima, utamsikia kutoka kwenye meza ya kukatia: "Yampaye inka Kayitesi!"

Na Kayitesi, bila kuinua macho kwenye cherehani, kwa ile sauti yake inayofika ng'ambo ya barabara, humjibu kila mara:

"Nipo!"